Vifaa vya mojamoja, boksi moja au chasi ya kadi: mtambo upi wa dijitali unafaa mtandao wako wa kebo?

Makala haya ni kwa mwendeshaji wa kebo wa Kahama, Geita, Mpanda, Masasi au mji wowote ambako waya bado unapita kwenye nguzo mpaka sebuleni kwa mteja. Umeshaamua kuachana na analojia, umeomba bei kwa wauzaji, na sasa una karatasi tatu mezani ambazo hazifanani hata kidogo. Moja ina orodha ndefu ya vifaa vidogovidogo. Ya pili ina boksi moja tu. Ya tatu ina fremu tupu na kadi zinazouzwa kando. Zote zinaahidi jambo lilelile: chaneli zako zitatoka kwa DVB-C, yaani kiwango cha runinga ya dijitali kwa njia ya kebo.

Uzimaji wa analojia ulioanza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 ulihusu mitambo ya ardhini, ile inayopokelewa kwa antena. Hata tarehe ya kimataifa ya 17 Juni 2015 ilitokana na mkataba wa Geneva wa 2006, ambao nao ni wa utangazaji wa ardhini. Waya wa kebo ulibaki nje ya kalenda hiyo, na ndiyo maana wengi wetu tumebaki na safu za moduleta (vifaa vya kupandisha chaneli kwenye masafa) za zamani muda mrefu baada ya antena kuhamia dijitali. Kumbuka pia kuwa king'amuzi cha antena alichonacho mteja ni cha DVB-T2, kiwango cha ardhini. Kwenye waya wako hakitaona kitu, isipokuwa kama kina uwezo wa aina zote mbili.

Faida ya kuhama inaonekana kwenye hesabu ya masafa. Chaneli moja ya PAL, mfumo wa analojia, inakalia megahezi 8 peke yake, kwa hiyo chaneli 40 zinakula megahezi 320. Megahezi 8 hizohizo kwa DVB-C ya 64-QAM (QAM ni namna ya kupakia data kwenye mawimbi; namba ikiwa kubwa inabeba zaidi), kwa kasi ya kawaida ya simbo milioni 6.875 kwa sekunde, zinabeba takribani megabiti 38 kwa sekunde, na kwa 256-QAM zinapita kidogo megabiti 50. Chaneli ya SD (picha ya kawaida) iliyobanwa kwa H.264, mbinu ya kubana video, inatosheka na megabiti 2 hadi 2.5, ya HD (picha ya ubora wa juu) inataka 6 hadi 10. Chaneli zako 40 za SD zinaenea kwenye masafa matatu tu. Nafasi inayobaki ni yako: HD, chaneli mpya, au intaneti ya kebo.

Hesabu hiyo ni ileile kwa njia zote tatu. Zinapotofautiana ni mahali pengine.

Njia zenyewe

Vifaa vya mojamoja: kila boksi lina kazi yake. Risiva inapokea satelaiti, enkoda inageuza picha ya HDMI kuwa dijitali, maltipleksa inakusanya chaneli kuwa fungu moja, moduleta inalipandisha fungu hilo kwenye masafa. Katikati yake kuna waya za ASI, za kubeba fungu la dijitali, zenye viunganishi vya BNC, au swichi ya mtandao.

Boksi moja lililokamilika: matundu ya dishi upande mmoja, tundu la kebo upande mwingine. Kazi zote zinafanyika kwenye ubao mmoja ndani. Idadi ya matundu imepangwa kiwandani na haibadiliki.

Chasi ya kadi: fremu moja yenye usambazaji wa umeme, feni na ubao wa nyuma, halafu nafasi unazojaza kadi kadiri unavyotaka, ziwe za kupokea satelaiti, za enkoda, za kufunga chaneli (ili asiyelipia asione) au za kutoa QAM. Tangram ya WISI kutoka Ujerumani, Luminato ya Teleste kutoka Finland na mitambo ya Appear ya Norway ni za kundi hili. Watengenezaji wa China kama Sumavision na PBI nao wanazo.

Vigezo

Nitazipima kwa mambo sita: mtandao ukikua, kitu kikiharibika, fedha yote kwa ujumla, ubora wa mawimbi na mpangilio wa chaneli, ulinzi wa chaneli za kulipia, na fundi uliye naye. La pili nalipatia uzito kuliko yote, kwa sababu mteja wa kebo hasomi karatasi ya vipimo. Anachojua ni kwamba juzi usiku picha ilizima na ilirudi saa ngapi.

Mtandao ukikua

Kwa vifaa vya mojamoja unaongeza risiva leo, nyingine mwezi ujao, na pesa inatoka kidogokidogo. Kikomo chake kinakuja kimyakimya: maltipleksa ina matundu 8 au 16, na siku ya chaneli ya kumi na saba unanunua maltipleksa ya pili, moduleta ya pili na raki nyingine.

Boksi moja halikui. Lenye tyuna (vipokezi vya mawimbi) 16 litabaki na tyuna 16. Likijaa unanunua jingine, na mara nyingi maboksi hayo mawili hayazungumzi, kwa hiyo unatunza orodha mbili za chaneli.

Chasi imetengenezwa kwa ajili ya kukua, lakini hesabu nafasi kabla ya kulipa. Chasi yenye nafasi sita ambayo siku ya kwanza tayari ina kadi sita imekuwa boksi moja la bei kubwa. Ninayemshauri namwambia wazi: acha angalau nafasi mbili tupu. Uliza pia kama kadi zinazotengenezwa sasa zitaingia kwenye fremu yako miaka mitano ijayo, au kama mtengenezaji yuko njiani kubadilisha fremu nzima.

Kitu kikiharibika

Risiva ya mojamoja ikifa, unapoteza chaneli zinazopita humo tu. Fundi anachomoa BNC kwenye iliyokufa, anaichomeka kwenye ya akiba, anaingiza masafa ya satelaiti, polaraiti (mlalo au wima wa mawimbi) na kasi ya simbo, anahakikisha namba ya utambulisho wa chaneli ni ileile ya mwanzo, na picha inarudi. Huu ni uzuri mkubwa, hasa mji uliko mbali na duka la vifaa. Tatizo ni kwamba wengi huangalia wingi wa risiva na kusahau shingo ya chupa: maltipleksa ni moja. Ikifa hiyo, chaneli zote za fungu zinazima kwa pamoja. Halafu kuna viunganishi. Raki ya vifaa 20 ina BNC, adapta na plagi nyingi, na ndizo zinazoleta matatizo yale ya kuudhi, ya picha kuganda kila mtu anapogusa raki na kupona fundi akifika.

Boksi moja lina jibu moja kwa kila kitu. Usambazaji wake wa umeme ukiungua, mji mzima uko gizani. Lakini kwa kuwa bei yake ni ya chini, unaweza kununua mawili, la pili likakaa kabatini likiwa limeshapakiwa faili la mipangilio. Hapo ndipo watu huzembea. Boksi la akiba lisilo na mipangilio ya leo litakuchukua nusu siku kulipanga upya, simu za wateja zikiita. Kila ukibadilisha chaneli, hifadhi faili na ulipakie kwenye la akiba siku hiyohiyo.

Chasi ndiyo inayopendeza zaidi kuitazama ikitengenezwa. Unalegeza skrubu mbili za mbele, unavuta kadi mtambo ukiwa unafanya kazi, unasukuma nyingine mpaka ikae sawasawa kwenye ubao wa nyuma, taa inabadilika kuwa ya kijani, na chasi inaipa kadi mpya mipangilio ya ile iliyotoka. Chaneli za kadi nyingine haziguswi. Ila mambo matatu lazima uyajue kabla. Kwanza, vitu vinavyotumiwa na kadi zote: je, kuna vifaa viwili vya usambazaji wa umeme, na kimoja kinaweza kubadilishwa bila kuzima mtambo? Je, feni zinachomoka bila kufungua fremu? Pili, kadi au ubao wa udhibiti ukifa, mawimbi yanaendelea kutoka? Kuna chasi ambazo yanaendelea na unapoteza ukurasa wa kusimamia tu. Kuna nyingine zinazima zote. Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote: kadi ya akiba iko wapi? Kama iko Dar es Salaam, inafika kwa basi kesho. Kama iko kiwandani ng'ambo, unasubiri ndege, forodha na siku zako za hasara. Chasi isiyo na kadi ya akiba kwenye rafu yako mwenyewe imekupunguzia waya tu. Haijakupa usalama uliolipia.

Kwa hiyo bei ya chasi isomwe pamoja na kadi moja ya kupokea, kadi moja ya kutoa QAM na usambazaji mmoja wa umeme vya akiba. Na usiziweke chaneli zote kwenye kadi moja ya kutoa, hata kama ina uwezo wa masafa 16. Zigawe kwenye kadi mbili, chaneli za taarifa ya habari zikiwa nusu huku na nusu kule, ili moja ikizima mteja abaki na kitu cha kutazama.

Radi na vumbi havichagui njia. Kanda ya Ziwa, radi hupita kwenye waya wa LNB (kichwa cha dishi) mpaka ndani ya risiva, kwa hiyo dishi bila waya wa ardhi ni hatari kwa mitambo yote mitatu. Chasi inateseka zaidi na vumbi, kwa sababu joto la kadi zote linategemea feni chache. Kwenye vumbi la Shinyanga kichujio cha feni kinataka kufunguliwa na kupulizwa kila mwezi. Pwani, Tanga na Zanzibar, adui ni chumvi ya hewani inayokula viunganishi, na mwenye viunganishi vingi ndiye anayeumia zaidi.

Fedha yote

Bei ya kununua kwa kawaida inaanzia kwenye boksi moja, ambalo ndilo la chini kwa kila chaneli. Vifaa vya mojamoja vinaanza kwa bei ndogo na kupanda. Chasi inaanza juu, kisha kila chaneli inayoongezwa inakuwa nafuu, kwa sababu fremu, feni na umeme umeshalipia.

Nje ya risiti kuna gharama mbili zinazosahaulika. Ya kwanza ni umeme na joto. Risiva moja inaweza kula wati 20 au 30. Weka 20 pamoja na maltipleksa, na umeshafika nusu kilowati au zaidi inayowaka usiku na mchana, mbali na kiyoyozi cha kuondoa joto hilo. UPS na jenereta navyo vinapaswa kuwa vikubwa kiasi hicho. Chasi na boksi moja zinashinda wazi hapa, na TANESCO ikikata, betri zilezile zinadumu muda mrefu zaidi.

Ya pili inaihusu chasi hasa: leseni za programu. Kadi inaweza kuwa na tundu ambalo halifanyi kazi mpaka ununue ufunguo wake. Kufunga chaneli, kutoa masafa zaidi, kubadilisha mpangilio wa picha, kila kimoja kinaweza kuwa na ufunguo wake. Si ulaghai, ni namna yao ya kuuza, lakini mwambie muuzaji aandike kwenye karatasi ya bei leseni zipi zimo na zipi hazimo. Uliza pia kama leseni inahamia kwenye kadi ya akiba.

Kumbuka ving'amuzi. Kwa mtandao wa wateja 1,000, gharama ya ving'amuzi itazidi ya mtambo kwa urahisi. Hapa kuna nafuu isiyosemwa sana: runinga nyingi za bapa za siku hizi zinazouzwa hapa zina tyuna ya DVB-C ndani. Chaneli usizozifunga zinaonekana kwa kuchomeka waya na kutafuta chaneli, bila king'amuzi.

Mawimbi na mpangilio wa chaneli

Vifaa vya mojamoja vinaunganishwa kwa kombaina, kifaa cha kukusanya matokeo ya moduleta kwenye waya mmoja, na kila moduleta inaongeza kelele yake kidogo kwenye masafa ya wenzake. Moduleta nne hazidhuru. Kumi na sita za bei ya chini zinaonekana kwenye mita. Kadi ya QAM ya chasi, na boksi moja zuri, hutoa masafa kadhaa jirani kutoka tundu moja yakiwa yamesawazishwa tayari. Kwa kipimo changu, MER (kipimo cha usafi wa mawimbi ya dijitali) nyumbani kwa mteja wa mwisho isishuke chini ya desibeli 28 kwa 64-QAM na 34 kwa 256-QAM. Analojia ikichoka inaonyesha chenga, na mteja anavumilia. Dijitali inaonyesha picha safi, safi, safi, kisha inaganda ghafla. Kama ampifaya na waya zako za mtaani zimechoka, anza na 64-QAM, na fedha ya kwanza itumie mtaani kabla ya kununua mtambo wa aina yoyote.

Kuna kosa moja la mpangilio linalotokea usiku wa mechi. Chaneli nyingi za satelaiti hazina kasi moja: zinapanda picha ikiwa na mwendo mwingi na kushuka ikitulia. Ukijumlisha wastani wake ukajaza megabiti 38 mpaka ukingoni, saa ya mpira zinapanda pamoja, moduleta inatupa kinachozidi, na chaneli zote za masafa hayo zinavunjika vipande, hata ile ya mahubiri isiyo na kosa lolote. Acha wazi angalau asilimia 10 hadi 15. Chasi nzuri inakuonyesha grafu ya kasi ya kila chaneli na kukuruhusu kuihamishia chaneli yoyote kwenye masafa yoyote. Boksi moja la bei ya chini mara nyingi linafunga kila tundu la dishi na masafa yake, hivyo huna pa kuihamishia. Vifaa vya mojamoja vinakuruhusu, kwa kuhamisha waya.

Namba za chaneli kwenye rimoti zitakuletea malalamiko mengi kuliko unavyotarajia. Bibi aliyezoea TBC1 namba 1 anataka ibaki namba 1. Jaribu mbele ya muuzaji kama mtambo unaweza kuandika namba hizo na kama king'amuzi unachonunua kinazisoma.

Ulinzi wa malipo

Mfumo wa kufunga chaneli ukishaingia kwenye ving'amuzi vya mji mzima, kuubadilisha ni kununua ving'amuzi upya. Kwa hiyo mtambo wowote utakaochukua uwe unatumia SimulCrypt, utaratibu wa wazi unaoruhusu mfumo wa kampuni nyingine kuungana nao. Chasi kwa kawaida inao, kama leseni. Vifaa vya mojamoja vinahitaji kifaa cha kufungia kati ya maltipleksa na moduleta, au maltipleksa yenye uwezo huo. Maboksi yaliyokamilika yanatofautiana: mengine yanakubali mfumo wa mtengenezaji wake tu, na hapo umefungwa wewe pamoja na chaneli.

Na hili si suala la mtambo: kadi ya king'amuzi cha nyumbani si kibali cha kurusha kwa mji mzima. Haki za maudhui na leseni ya TCRA vinatangulia kadi yoyote ya kuvunja msimbo.

Fundi

Fundi anayejua dishi na waya atavielewa vifaa vya mojamoja siku ya kwanza, kwa kuwa njia ya mawimbi anaiona kwa macho na anaweza kuikata katikati kupima. Boksi moja nalo halimsumbui. Chasi inataka mtu anayeelewa anwani za IP na malitikasti, yaani kutuma mkondo mmoja kwa wapokeaji wengi. Swichi ya kawaida ya dukani isiyoweza kusimamia IGMP (utaratibu wa kujua tundu lipi linataka chaneli ipi) itamwaga chaneli zote kwenye kila tundu, na mtandao wa ofisi utalala. Mtu huyo si lazima awe na shahada, lakini lazima afundishwe, na mafunzo hayo yaandikwe kwenye mkataba wa ununuzi.

Kulingana na hali yako

Hoteli ya Nungwi au Paje yenye vyumba vichache, chaneli 20 ambazo hazitaongezeka sana, na runinga zenye tyuna ya DVB-C ndani: boksi moja linatosha, na la pili kabatini.

Mji mdogo, wateja mia chache, mtaji unaopatikana kwa awamu, fundi mmoja na duka la vifaa liko mbali: vifaa vya mojamoja bado vina heshima yake. Nunua maltipleksa ya akiba kabla ya risiva ya akiba.

Mji unaokua, wateja maelfu, HD inakuja na chaneli za kulipia zipo: chasi inaanza kujilipa, mradi kadi za akiba zimo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Bila hizo, maboksi mawili yaliyokamilika yatakulinda vizuri zaidi kwa fedha ileile.

Mwendeshaji mwenye miji mitatu iliyounganishwa kwa faiba: chasi yenye kutoa IP kwenye mji ulio kituo kikuu, na kadi au maboksi ya QAM tu kwenye miji mingine. Madishi na ufungaji wa chaneli vinabaki mahali pamoja.

Anayefikiria GPON (faiba mpaka nyumbani kwa mteja) ndani ya miaka michache: chasi ya IP inaweza kulisha waya wa kebo leo na faiba kesho, iwe kwa malitikasti au kwa QAM iliyopandishwa kwenye mwanga wa nanomita 1550 juu ya GPON. Boksi lenye tundu la kebo peke yake halitakuvusha.

Kabla ya kulipa, mtambo wowote uwao, mwombe muuzaji afanye mambo matatu mbele yako: azime umeme ghafla na kuuwasha, muone kama chaneli zinarudi zenyewe bila mtu kugusa kitu, achomoe kifaa, kadi au waya mmoja huku mnatazama chaneli nyingine, na ahifadhi mipangilio kwenye faili, aifute, kisha airudishe. Anayekataa kukuonyesha hayo akiwa anataka fedha yako, usitegemee atapokea simu yako mtambo ukizima.